Mlalo wa Yaya, Wima Wangu

Jumatatu, tarehe nne ya mwezi wa tatu, saa kumi na moja za jioni, nilikuwa nimeketi karibu na dirisha la nyumba yetu hapa Butembo, kalamu mkononi, nikilitafuta neno la wima ya saba katika fumbo la gazeti. Mvua ilikuwa imekwisha, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya majirani. Nilikohoa. Nilikuwa nakohoa tangu Noeli na nilikuwa nimekwisha kuzoea, kama mtu anavyozoea mlango wake unaolia. Safari hii kitu cha joto kilinitoka mdomoni kikaangukia karatasi, ndani ya mraba mmoja. Hakikuzidi punje ya mtama. Kilikuwa chekundu.

Sikumwita mume wangu. Nilichukua kalamu, nikaupaka mraba ule wino mweusi pembe kwa pembe, nikangoja ukauke. Kisha nikalimaliza fumbo, nikalikunja gazeti, nikalitia katika bahasha. Asubuhi nikampa dereva alipeleke Beni, kwa dada yangu.

Naandika sasa, baada ya tiba, kwa ajili ya yule anayeanza leo kumeza vidonge vyake vya kifua kikuu sugu. Habari za vijidudu ataelezwa na waganga wa hospitali. Mimi nitaeleza habari za gazeti, kwa sababu ndilo lililonionyesha ugonjwa wangu ulikuwa wa namna gani.

Dada yangu anaitwa Masika, nami humwita yaya, kama tunavyomwita hapa ndugu mkubwa. Amenizidi miaka saba, ni mjane, anaishi Mulekera huko Beni, na hununua kakao kwa wakulima akaiuza kwa matajiri. Mimi ni Kavira, mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Baba yetu alikuwa karani wa serikali, mtu wa shati moja jeupe, naye ndiye aliyetufundisha mafumbo ya miraba, yale ambayo wengine huyaita mots croisés. Hakutufundisha yale mepesi ya kuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Alipenda yale ambayo kila dokezo lina njia mbili, moja ya kukupoteza na moja ya kukufikisha. Alikuwa akisema mtunzi anaruhusiwa kukuzungusha mji mzima, lakini haruhusiwi kukuambia uongo.

Baba alikufa kwa kifua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko internat, bweni la shule ya masista, nikaitwa siku ya mazishi. Masika ndiye aliyemuuguza. Siku iliyofuata mazishi aliburuta nje godoro, mablanketi, shati jeupe, na sanduku la mafumbo yote ambayo Baba aliyakata magazetini kwa miaka mingi, akavichoma vyote nyuma ya jiko. Sikuwahi kumsamehe lile sanduku. Sikuwahi pia kumwambia.

Tulipokuwa watu wazima, fumbo likaturudisha pamoja. Kuna gazeti dogo la Kiswahili linalotoka mara moja kwa mwezi. Hufika Beni kwanza, na Butembo likifika huwa limekwisha kuzeeka. Masika hununua nakala moja. Anajaza maneno ya mlalo tu, hata anapoyajua yale ya wima. Halafu ananitumia nakala ile ile, nami nampa wima. Miraba ya mtunzi wetu imepangwa hivi kwamba mlalo ukishajaa, kila neno la wima hubaki limekosa nusu ya herufi zake. Mmoja wetu akikosea, mwingine anakwama. Nikimaliza namrudishia, na kila mmoja anampa mtunzi maksi kati ya ishirini, kama tunavyowapa wanafunzi. Chini ya kumi ameanguka. Masika huzipeleka zote mbili kwa gazeti, nalo huzichapa katika ukurasa wa barua: Masika, kumi na tano, Kavira, kumi na moja. Mimi ni mkali. Nilikuwa mkali hata darasani. Mwanafunzi wangu wa tisa na nusu nilimwacha na tisa na nusu yake, akangoje repêchage, ule mtihani wa pili tunaowapa walioanguka kabla shule haijafunguliwa tena.

Miaka kumi na mmoja tuliishi hivyo, gazeti likipanda na kushuka kati ya joto la Beni na baridi ya Butembo, hata miezi ambayo barabara ilifungwa na malori yakangoja msafara wa askari.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa.

Niliambiwa jibu kwenye benchi, nje, nyuma ya kituo, mahali tulipokuwa tukitemea makohozi ndani ya vikombe vyenye mifuniko. Aliyeniambia ni muuguzi mmoja aliyetumwa huku kutoka Kasai. Wagonjwa tulimwita Papa Mbuyi.

"Mama Mwalimu, iko ile mbaya," alisema. "Ile ya kukataa dawa. Mais tuko na dawa ya kuiforcer."

"Miezi ngapi?"

"Kenda. Kila siku. Hapa, mbele ya macho yangu. Nyumbani hapana."

"Na nikikataa?"

"Utakufa na diplome yako."

Wenzangu wawili kwenye benchi walicheka nyuma ya barakoa. Nilimchukia. Baada ya wiki mbili nilikuwa nikiamka mapema ili nimfikie yeye kwanza, kabla sijaonana na mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye peke yake aliyesimama karibu nami bila kuhesabu hatua.

Nyumbani, Kasereka, mume wangu, alihamia sebuleni. Ni mtu mwema, na wema wake ndio ulioniumiza. Alinunua sahani mpya, kikombe kipya na kijiko kipya, akavitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha ya binti yetu ili visichanganyike. Aliniletea chakula hadi kizingitini, akaweka chini, akagonga mara mbili, akaondoka. Nikamwambia siku moja: "Hata mbwa unamuitaka jina mbele ya kumpatia." Akasimama upande wa pili wa mlango. Kisha akasema, "Kavira, Kavira, Kavira," mara tatu, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo akawa anagonga na kuniita jina.

Masika nilimpigia simu. Nilimwambia yote isipokuwa ule mraba. 

"Pole, mudogo wangu," alisema. "Gazeti nitakutumia tu. Hapana waza."

Na alituma. Ndiyo maana nilimhesabu katika rehema zangu, pamoja na jua la saa nne kwenye benchi na ndizi iliyoivia majivuni, chakula pekee ambacho tumbo langu halikukirudisha. Mwezi wa kwanza wa dawa ilikuwa kutapika. Mwezi wa pili nyayo zilianza kufa ganzi, nikawa nakanyaga sakafu kama mtu aliyevaa soksi za mwingine. Mwezi wa tatu, wakati maharage yanavunwa, makohozi yangu yakawa safi, na Papa Mbuyi akaniondolea barakoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa hauambukize tena mutu," alisema. "Ambia bwana yako arudie mu kitanda."

"Ataogopa."

"Basi ogopesha yeye zaidi."

Kasereka alirudi, akalala pembeni kabisa, mgongo kwangu. Lakini alirudi.

Mwezi wa nne ngozi yangu ilibadilika. Ni kimojawapo cha vidonge kinachofanya hivyo. Kinakupaka giza kutoka ndani, kuanzia usoni, na hakiombi ruhusa. Sokoni muuza mchicha aliniita mgeni, akaniuliza kwa Lingala natoka wapi. Shuleni, nilipokwenda kuchukua barua ya likizo, wanafunzi wangu wa mwaka wa nne walinipita mlangoni bila kunisalimu, kisha mmoja akageuka, akatoa macho, akamwambia mwenzake kwamba ndiye mimi: "Njo yeye! Banamuchoma na nini?" Nilikwenda nyuma ya darasa nikasimama ukutani mpaka kengele ikalia.

Mwezi ule ule mtunzi wetu alitoa fumbo bora kupita yote aliyowahi kututolea. Dokezo la wima ya tatu, herufi tano, lilisema: *Hupanda lori bila kulipa, hushuka kwenye nguo za abiria.* Masika alikuwa ameniachia V na M na I. Nilicheka peke yangu, nikakohoa, nikacheka tena: vumbi, vumbi la barabara yetu wenyewe. Nilimpa mtunzi kumi na nane, maksi ambayo sijawahi kumpa mwanadamu. Nikaifunga bahasha, nikamkabidhi Saidi.

Saidi ni dereva wa Fuso, kijana wa familia moja ya Waislamu wa Beni ambao baba na babu zao wote ni wasafirishaji. Ndiye aliyebeba gazeti letu miaka yote.

Toleo lililofuata nilifungua kwanza ukurasa wa barua nitazame kumi na nane yangu imechapwaje. Palikuwa: Masika, kumi na saba, Kavira, kumi na tatu. Nilidhani mchapaji amekosea. Macho yangu pia yalikuwa yameanza kunisaliti, nyekundu na kijani zikifanana. Kituoni walinipa kitabu cha madoa ya rangi nisome tarakimu zilizojificha ndani, nikasoma kurasa nne tu, wakanipunguzia dawa moja mara hiyo hiyo. Kwa hiyo nilijiambia: ni macho. Ni mchapaji. Nilijiambia kila kitu isipokuwa kweli.

Kweli ililetwa na Saidi mwezi wa saba wa dawa, mvua zikiwa zimerudi, ndani ya bahasha ya kawaida. Nilikunjua gazeti. Fumbo lilikuwa limejaa. Mlalo wote na wima yote, kwa mwandiko mmoja, ule wa Masika wa herufi zilizosimama wima kama askari. Pembeni, kwa penseli: *Masika 14. Kavira 12.*

Niliketi chini. Lilikuwa fumbo la kawaida, lenye madokezo mawili yaliyochoka. Nilipolipitia kwa utulivu niliona ningempa kumi na mbili kweli. Alinijua kiasi hicho. Alikuwa ameketi huko Mulekera akinifanyia wima zangu na kunitolea maksi zangu, kama watu wanavyoendelea kulipia kiti cha marehemu kanisani.

Nilimfuata Saidi hadi kwenye lori lake.

"Saidi, dada yangu ananunuaka magazeti ngapi?"

Alishika usukani ingawa injini ilikuwa imezimwa. "Mama Mwalimu, hapana nikasirikia."

"Ngapi?"

"Mbili. Moja ya kukutumia weye, moja ya kwake. Leo nazani alichanganya."

"Na ile miye narudishaka?"

Alitazama vioo vyote vya lori kabla ya kunitazama mimi. "Nikifika, anatoka na koleo. Anakamata bahasha na koleo, anatia mu mbabula. Hapana kufungua. Halafu ananipatia sabuni, ninawe. Pole, Mama. Alisemaka nisikuambie."

"Tangu lini?"

"Tangu ulianza dawa. Yote."

Mbabula ni jiko letu la makaa. Kumi na nane yangu iliivishia mtu maharage.

Miezi miwili iliyobaki niliimeza kwa hasira, na lazima nikiri kwamba hasira ni chakula, nilinenepa. Sikuuliza kitu. Masika aliendelea kutuma mlalo wake, nami niliendelea kujaza wima kwa mwandiko mzuri kabisa na kumrudishia, nikijua inakokwenda. Nilitaka kila mwezi aushike moto kwa mkono wake. Papa Mbuyi, aliyekuwa na desturi ya kuniuliza kila asubuhi siku yangu ina maksi ngapi, aliniambia: "Mama, zamani ulikuwa unanipatia sita, saba. Sasa kila siku zero. Dawa inakuponyesha ama inakuaribu?"

Nilimeza kidonge cha mwisho wiki moja kabla ya Noeli. Nilipewa karatasi yenye muhuri. Siku ya pili ya mwaka nilipanda gari kwenda Beni, karatasi ile ndani ya mkoba, pamoja na lile gazeti lililojaa.

Masika alinipokea barazani. Alikuwa ameweka viti viwili vya plastiki, kimoja mlangoni, kingine karibu na mti wa kakao, na kati yao pangeweza kupita pikipiki. Kwenye kiti changu kulikuwa na chupa ya maji ya dukani, haijafunguliwa. Alikuwa amezeeka. Alinitazama uso, ule mweusi mpya, kisha akatazama miguu yangu.

"Karibu, mudogo wangu. Safari?"

"Nzuri, yaya. Kuko karatasi hapa, iko na muhuri. Nimepona."

"Aksanti Mungu." Hakunyoosha mkono kuipokea.

Nikatoa gazeti, nikalikunjua. "Na hii? Hii iko ya nani?"

Alijua mara moja. Alivuta kitenge chake juu ya magoti.

"Saidi alikuambia."

"Karatasi haiambukizake, Masika! Papa Mbuyi alikuelezea ku simu, miye mwenyewe nilimupatia numero yako. Miezi kenda unanichoma. Kama vile ulichoma ya Baba."

Nilikuwa nimelitunza neno hilo miaka thelathini na sita. Lilitoka jepesi.

Masika aliinuka. Nilidhani anakwenda ndani, ananifungia mlango. Badala yake alishika mhimili wa baraza akazungumza bila kupaza sauti.

"Weye ulikuwa ku internat. Ulikuya siku ya kuzika, na soksi nyeupe. Miye njo nilishikaka beseni. Baba alikuwa anatema, ananiambia nisome dokezo, asikie sauti ya mutu. Na ile makaratasi yake, Kavira, yote ilikuwa na damu. Hapana moja, hapana mbili. Alikuwa anakohoa juu yake, anaficha na kalamu. Anapaka mweusi. Ulizani miye nilichoma juu ya kiburi?"

Kuku walipita kati ya viti. Alingoja wapite.

"Mwezi wa tatu gazeti yako ilifika. Kuko mraba mweusi moja yenye haiko pahali yake. Ilifunika A yangu. Niligeuza gazeti juu chini, maana mtunzi wetu, ukigeuza, nyeusi zake zote zinaangukia pahali pamoja. Ile moja haikuangukia. Nikaloanisha kidole. Nikakwangula." Alinionyesha ukucha, kana kwamba ulikuwa bado umebeba kitu. "Nilijua kabla ya munganga wako. Siku kumi na mbili nilingoja unipigie simu useme. Ulipiga. Hukusema. Baba alikuwa anaficha ili mutoto asione. Weye ulinitumia mu bahasha, na kumupatia Saidi abebe, njo ukaandika chini: bisous."

Ni kweli. Nilikuwa nimeandika hivyo: mabusu.

"Mtunzi azungushe," alisema. "Uongo hapana."

Ningeweza kusema samahani. Alikuwa dada yangu, alikuwa na miaka ishirini aliposhika lile beseni, na jua lilikuwa linampiga upande mmoja wa uso. Nilisema: "Ulinipatia kumi na mbili bila kuniuliza." Nikaacha chupa ya maji kwenye kiti, haijafunguliwa, nikatoka kutafuta pikipiki ya kunipeleka stendi. Sikula kwake. Kwetu, kutoka katika nyumba ya mkubwa wako bila kula ni kumtukana mbele ya majirani, na majirani walikuwa wametoka wote kutazama.

Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia mgonjwa anayeanza leo, badala ya kumwambia ajipe moyo. Vidonge vitakufanyia kazi yake. Watu watakuogopa, na wengine watakuumiza kwa sahani na koleo. Lakini jikague nawe ulificha nini, na ulikituma kwa nani. Mimi nilijikagua kwa wiki tano, hadi toleo la mwezi wa pili lilipofika Butembo. Nililinunua mwenyewe, mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Kisha nikamwandikia Masika barua, kwa Kiswahili kile ambacho Baba alitudai katika barua, nikampa Saidi.

*Kwa Yaya Masika, Mulekera.*

*Salamu. Ngozi yangu imeanza kurudi, kwanza kwenye viganja. Nyayo bado. Rangi za kitabu sasa nasoma kurasa tisa.*

*Ule mraba ulikuwa damu. Nilijua ni damu, na nilijua unakwenda kwako. Niliogopa kwamba ukijua hutanitumia gazeti tena, kwa hiyo niliweka gazeti mbele na wewe nyuma. Sina dokezo jingine.*

*Nimefanya kazi ninayoijua. Kwa miezi kenda ya koleo, na kwa kunifanyia wima zangu nikiwa hai, nimekupa tisa. Ungepata saba; mbili nimeziongeza kwa sababu ya Baba, na kwa sababu kumi na mbili uliyonitolea ilikuwa ndiyo. Mimi nimejipa nne. Sikuona mahali pa kuongeza.*

*Wote wawili tumeanguka. Unanijua, siwezi kumpitisha mtu kwa huruma. Lakini hata katika shule yangu aliyeanguka ana haki ya repêchage.*

*Gazeti liko ndani ya mfuko wa plastiki. Safari hii nimeanza mimi. Nimejaza wima peke yake, na hakuna mraba mweusi niliouongeza. Ligeuze juu chini uhakikishe. Ukitaka, lishike kwa koleo. Mlalo ni wako.*

*Mdogo wako, Kavira.*